Niling'olewa meno matatu mazima, kumbe ni neva ya uso. Tuongee kabla hujakalia kile kiti

BintiBondeni, Nakuru

Hamjambo wana jukwaa. Mimi ni msomaji wa kimya humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu jana jioni jirani yangu alikuja kuniambia amepangiwa kung'olewa jino la pili ndani ya miezi miwili, na lile la kwanza lilipotoka maumivu hayakupungua hata chembe. Nikamuuliza maswali mawili matatu. Majibu yake yalinitoa jasho, maana ni kama nilikuwa najisikiliza mwenyewe wakati ule.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, umri wangu miaka 54. Machi 2021 nilikuwa natawadha kwa ajili ya alfajiri. Maji baridi yalipogusa shavu la kulia nikapigwa shoti. Sitasema niliumwa. Nilipigwa, kama mtu aliyechukua waya wa stima akauchomeka pembeni mwa pua ukatokea kwenye fizi ya juu. Kopo likaniponyoka. Mume wangu alipofika mlangoni kulikuwa hakuna kitu tena, nimesimama tu natetemeka na maji yanatiririka miguuni.

Ikarudi baada ya siku tatu nikipiga mswaki. Kisha nikitafuna. Na kwa kuwa ilikuja nikipiga mswaki na nikitafuna, nikasema ambalo kila mtu angesema: jino linaniuma. Kwa neno hilo moja nilijifungia milango yote mingine.

Mganga wa meno wa kwanza aliona kitobo kidogo kwenye gego la juu akakiziba. Shoti ikaendelea. Nikarudi kumwomba aling'oe. Alipopiga sindano ya ganzi maumivu yalitoweka kabisa, akaniambia, "Unaona, mwalimu? Ni lenyewe." Likatoka. Nikakaa wiki sita bila hata dalili, nikamshukuru Mungu na nikampelekea yule bwana ndizi za shambani. Wiki ya saba ikanipiga tena, mahali pale pale palipobaki pengo. Wakasema basi ni jirani yake. La pili likatoka Agosti. La tatu Februari 2022. Meno yenyewe nililetewa mkononi kwa pamba, meupe, hayana doa.

Katikati ya hayo nilitibiwa sainasi mara mbili kwa antibayotiki, nikachomwa sindano za diklofenaki, nikapimwa presha, nikaambiwa nina mawazo mengi. Kuna aliyeniambia wanawake wa umri wangu huwa hivyo.

Mwenye kuona mtu akiteseka hivi haoni mengi, kwa sababu baina ya shoti na shoti mtu yuko sawa kabisa. Ila nilikuwa nimeacha mambo mengi. Ushungi niliufunga mbali na taya, maana ukingo wake ukinigusa tu nimekwisha. Boda boda niliacha, upepo wa asubuhi kutoka Lanet ni kisu. Mjukuu wangu nilimkataza kunibusu upande wa kulia, na mtoto wa miaka mitatu huwezi kumweleza sababu akaelewa. Darasani nikawa nafundisha kwa kuandika ubaoni, kiranja anasoma kwa sauti. Mwalimu wa lugha, jamani, naogopa kufungua mdomo. Nilipungua kilo 11.

Wudhu ndio uliniliza zaidi. Niliambiwa maji yakikudhuru, tayamamu. Lakini tayamamu nayo ni kupangusa uso.

Desemba 2022 tulikwenda Kisumu, mtaa wa Kaloleni, kwenye arusi ya mpwa wangu. Watu wanakula pilau, mimi nina kikombe cha uji vuguvugu. Dada yangu hakuniuliza kitu. Asubuhi alinishika mkono hadi zahanati moja ndogo kwa afisa wa kliniki, mzee aliyekaribia kustaafu. Nikaanza kumweleza habari za meno. Katikati ya sentensi ikanipiga. Nikanyamaza, nikainua mkono kuelekea shavuni, mkono ukakomea hewani, haukugusa. Yule mzee akaweka kalamu chini. Akasema mwenye jino bovu hushika shavu, hulibana, hulikanda. Wewe mkono wako umesimama njiani kwa sababu unaogopa kujigusa.

Akauliza: inadumu kwa muda gani? Sekunde, nikasema, mara chache nusu dakika. Ukigusa wapi inaanza? Pembeni mwa pua. Usiku je, inakuamsha? Nikashtuka kugundua kwamba hapana, usiku nalala. Baina ya moja na nyingine kuna maumivu? Hakuna. Hakunitazama hata mdomoni mpaka mwisho, na alipotazama ilikuwa kuhakikisha hakuna jipu.

Jina lake ni neuraljia ya trijemina, maumivu ya neva ya tano ya kichwa. Akanianzishia kabamazepini kwa kipimo kidogo na kuniandikia barua ya rufaa nikapigwe picha. Siku ya nne nilitawadha kwa maji ya bomba. Nilirudia kuosha uso mara tatu, kisha nikaketi palepale kwenye jiwe nikalia.

Simlaumu mtu kwa jina na sitataja kliniki hata moja, msiniulize. Ninachotaka kusema ni hiki. Kiswahili chetu kina neno "mshipa", na mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na ni ngiri pia. Ukimwambia daktari "mshipa unanivuta" hajui umwelekee wapi. Ukisema "jino" anajua vizuri sana, na atakwenda huko huko. Basi usimpelekee jina la ugonjwa. Mpelekee maumivu yenyewe: yanadumu kwa muda gani, yanaanzishwa na nini, yakiisha kunabaki nini.

OmeraKondele, Kisumu

Mwalimu pole sana. Nimesoma nikiwa steji, nimesimama kando ya pikipiki, abiria wawili wamenipita.

Mamangu ana miaka 61, anauza omena Kibuye. Huu ni mwaka wa pili. Upande wa kulia, chini. Ameng'olewa mawili na la tatu ni Alhamisi hii. Anajifunika leso shavuni jua likiwaka. Akiongea na mteja anakatika katikati ya neno, watu wanadhani ni hasira, na wateja wengine wamehama. Sisi tulisema ni presha. Ile ya mkono kusimama hewani, mwalimu, nimeiona kwa macho yangu kila siku na sikujua ninaona nini.

Nimuulize nini leo usiku?

BintiBondeni

Mwanangu, muulize yale yale manne niliyoulizwa mimi. Kisha chukua daftari ukae naye kesho asubuhi saa moja tu. Kila ikimpiga, andika alikuwa anafanya nini na uhesabu sekunde kimoyomoyo. Usimguse. Na hiyo Alhamisi, ombeni isogezwe. Jino likingoja wiki mbili bado litang'oleka, likitoka halirudi.

Kinywa_Kakamega

Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, nafanya kazi Kakamega. Nimeusoma uzi huu na moyo mzito kwa sababu nimewahi kung'oa jino la namna hiyo. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Mama mmoja kutoka upande wa Mumias alinishika mkono akanisihi, "Litoe tu, mwanangu, nipumzike." Nililiona ni zima. Nililitoa. Alirudi baada ya mwezi na sikuwa na la kumwambia. Mgonjwa akikusihi namna ile, kukataa kunaonekana ukatili, na ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Nieleze kwa nini inatudanganya. Neva ya tano hutoka kwenye shina la ubongo, ikagawanyika matawi matatu. La kwanza huenda paji la uso na jicho, la pili shavu, pua na meno ya juu, la tatu taya na meno ya chini. Ugonjwa huu hupenda tawi la pili na la tatu, upande wa kulia zaidi kuliko kushoto, wanawake zaidi kuliko wanaume, na hasa baada ya miaka 50. Mara nyingi kisa ni mshipa wa damu uliolalia neva pale inapotokea kwenye shina la ubongo. Kila pigo la moyo linaisugua, na ganda la neva linachubuka kama waya uliotoka mpira. Mguso mwepesi usio na madhara unaruka na kufika ubongoni kama shoti. Ubongo haujui kwamba hitilafu iko njiani. Unachojua ni kwamba habari imekuja kwa njia ya jino, basi unasema jino.

Mwalimu ametaja mambo mawili yaliyowapoteza, na nataka wenzangu wa kazi wayasome mara mbili. Ganzi si ushahidi. Ukiilaza neva, maumivu ya neva yenyewe nayo hulala, sawa na ya jino. Na zile wiki sita za nafuu baada ya kung'oa pia si ushahidi, kwa sababu ugonjwa huu hupumzika wenyewe, wiki, miezi, hata mwaka na zaidi, kisha hurudi. Likitoka jino wakati unajiandaa kupumzika, jino linapewa sifa isiyo yake.

Jino bovu lina tabia yake. Chai moto au maji baridi yakiligusa, maumivu hubaki dakika nyingi yakipwita. Hukuamsha saa nane za usiku. Nikiligonga kwa mpini wa kioo unaruka. Neva hupiga kwa sekunde, ikizidi sana dakika mbili, halafu kimya. Na huanzishwa na kugusa mahali pasipo na jino kabisa: ubawa wa pua, mdomo wa juu, kidevu, hata upepo tu. Ukimpata mtu ambaye kunyoa ndevu kunamwumiza jino, simama.

ShababMkweli, Nakuru

Mwalimu mimi sibishani na hospitali ila tusidharau mengine. Kitu kinachokuja ghafla, kinapiga upande mmoja, kinakuacha mzima, picha ya jino haionyeshi kitu, wazee wetu wanakijua. Shangazi yangu alisomewa akapona mwaka mzima. Na karafuu ya kusaga mmeisahau.

BintiBondeni

Kaka yangu, mimi nilisomewa na bado nasomewa, dua siachi. Karafuu nilipewa na mama mkwe kwa upendo, nikaiweka kwenye fizi, na ule mguso wa kidole ndio ulioniangusha chini siku hiyo. Karafuu hutia ganzi kidogo kwenye jino lenye kidonda. Hapa kidonda hakipo mdomoni.

Shangazi kupona mwaka mzima nakuamini kabisa. Soma alivyoandika Kinywa_Kakamega kuhusu kupumzika. Ikimrudia, mpeleke, na dua iendelee.

Kinywa_Kakamega

Naongeza kwa ShababMkweli, kwa heshima. Hili la kupiga ghafla na kuacha mtu mzima limewasumbua watu kila mahali, si kwetu tu. Mwaka wa 1756 mpasuaji Mfaransa Nicolas André aliuelezea na kuupa jina kwa jinsi uso unavyokunjamana. Mwaka wa 1773 John Fothergill, daktari wa London, naye akawaeleza wenzake wagonjwa wa namna hii. Dawa yenye nguvu ilichelewa sana. Ni mwaka wa 1962 ndipo Sigfrid Blom wa Uswidi alipoandika kwamba kabamazepini, dawa mpya ya kifafa wakati huo, inawatuliza. Kwa hiyo kutojua sababu halikuwa kosa la wazee wetu. Sisi wa leo ndio tusio na udhuru.

KemistiBungoma

Naomba niseme juu ya dawa, maana kesho kuna mtu atakuja kaunta kwangu na jina hilo kwenye simu.

Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kama Tegretol, haiuzwi kwa kuombwa. Inaandikwa. Kwa kawaida huanza miligramu 100 mara mbili kwa siku, kisha hupandishwa polepole hadi shoti zitulie, na watu huishia popote kati ya 200 na 1,200 kwa siku. Si kidonge cha kumeza shoti ikikupiga, kwa sababu imeshaisha kabla hujafungua pakiti. Unameza kila siku, na huachi ghafla. Panadol na diklofenaki hazifiki kwenye maumivu haya, na kama ulikuwa unazimeza kwa mikono miwili, tumbo na figo zako zinalipa bure.

Mwanzoni utasikia usingizi, kizunguzungu, kuyumba. Usipande ngazi wala pikipiki. Kwa wazee hushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, mtu akachanganyikiwa, familia ikasema ni uzee. Hupimwa damu na ini. Ukiona vipele mwilini, vidonda mdomoni au homa katika wiki za kwanza, acha kumeza na uende hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Hilo halina mjadala.

Lingine, na hapa magharibi ni muhimu sana: ukiwa unatumia ARV, mwambie anayekuandikia. Nyingi za siku hizi zina dolutegraviri, na kabamazepini huufanya mwili uimalize haraka, kinga yako ikabaki wazi. Kliniki yenu inajua namna ya kurekebisha kipimo, lakini lazima iambiwe. Vivyo hivyo vidonge vya kupanga uzazi na kipandikizi cha mkononi, hupungua nguvu. Na mwenye mimba au anayetarajia, aongee na daktari kwanza, dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

NjoroMkulima

Mimi nina kisa cha upande wa pili, kisipotee. Niliambiwa ni neva, nikameza hizo dawa miezi mitano. Kumbe gego la chini lilikuwa na ufa mwembamba. Maumivu yangu yalikuwa makali na mafupi, kweli, lakini yalikuja nikiuma kitu kigumu tu, hasa nikiachia. Kupangusa uso, kuongea, upepo, hakuna kitu. Mganga mmoja aliniwekea kijiti niume, jino moja baada ya jingine, akalipata.

Kinywa_Kakamega

NjoroMkulima, asante kwa kusema hili. Kosa linakwenda pande zote mbili. Na kabamazepini yenyewe husaidia kuamua: mwenye neuraljia halisi kwa kawaida hupata nafuu kubwa, tena mapema. Mtu akimeza kipimo cha kutosha na asione tofauti, daktari arudi mwanzo aulize upya.

Wanja_FreeArea

Swali langu ni fupi. Kaka yangu ameamka leo mdomo umekwenda upande, jicho halifungi. Hana maumivu makubwa. Ni hii neva?

Kinywa_Kakamega

Dada, hiyo ni neva nyingine, ya saba, inayoendesha misuli ya uso. Watu huzichanganya kwa sababu zote ni "neva ya uso". Ya tano huhisi, ya saba husogeza. Mpeleke LEO. Dawa ya prednisoloni hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Lakini kwanza mwambie akunje paji la uso. Kama paji linakunjika vizuri pande zote na mdomo ndio umepinda, au mkono mmoja ni dhaifu, au maneno yanapotea, hicho kinaweza kuwa kiharusi, mkimbizeni sasa hivi. Na kama hujui kupima, usipime, mpeleke tu. Jicho lifunikwe lisikauke.

Wanja_FreeArea

Paji halikunjiki upande huo. Mkono uko sawa, anaongea. Tunatoka sasa.

Akoth_31

Nimekuwa nikisoma nikiogopa kuandika. Nina miaka 31. Shoti zangu zilianza upande wa kushoto mwaka jana, sasa naanza kuzisikia na kulia. Na kidevuni kumekufa ganzi, hata mswaki siusikii. Niliambiwa mimi ni mdogo mno kuwa na ugonjwa huu kwa hiyo ni meno ya magego ya mwisho. Yatolewe?

Kinywa_Kakamega

Akoth, usitoe chochote kwa sasa. Umri mdogo, pande zote mbili na ganzi isiyoondoka, kila moja peke yake inatosha kudai picha ya MRI, ile inayoonyesha ubongo na neva. Kuna nyakati neva hii inasumbuliwa na uvimbe, au na ugonjwa unaochubua maganda ya neva mwilini uitwao maltipo sklerosisi. Sisemi unao, nasema haupaswi kubahatishwa. Ukiwa Kisumu, pale Jaramogi, ambako wengi bado wanaita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio waliojenga, omba kuelekezwa kwa daktari wa neva. Eldoret ni Moi, hospitali ya rufaa. Andika hayo mambo matatu kwenye karatasi uyasome kwa sauti mbele ya daktari. Usiache hata moja.

Akoth_31

Nimeandika. Asante daktari. Ni mara ya kwanza mtu hajaniambia nipunguze mawazo.

MzeeLanga, Nakuru

Baba mdogo wangu alifika mahali dawa haikumtosha. Kila ikipandishwa anasinzia mezani na shoti ziko pale pale. Alifanyiwa upasuaji Nairobi: hufungua tundu dogo nyuma ya sikio, huutenga ule mshipa wa damu na neva, kisha huweka kipande kidogo cha Teflon katikati. Alipozinduka aliomba maji akanywa, mdomo ukamlegea kwa mshangao. Mwaka wa tatu huu hamezi dawa. Sikio la upande huo linasikia hafifu, na alikuwa ameambiwa mapema kwamba hilo linaweza kutokea. Wapo wasiofaa kupasuliwa kwa sababu ya umri au moyo, hao hutibiwa kwa sindano inayopita shavuni hadi kwenye neva, au kwa mionzi. Hizo huweza kuacha ganzi usoni na mara nyingi maumivu hurudi baada ya miaka kadhaa. Tuliuza ng'ombe wawili na harambee juu yake. Sijutii hata kwato.

Mama_Salim, Mumias

Nami niulize. Mume wangu alipata mkanda wa jeshi usoni, malengelenge yakakauka, sasa ni miezi minne kunachoma kama pilipili mchana kutwa, si shoti. Ni hiyo hiyo?

KemistiBungoma

Mama, neva ni ile ile lakini ugonjwa ni mwingine: ni makovu ya mkanda wa jeshi ndani ya neva. Kuchoma mfululizo ndiko kunakotofautisha. Dawa zake huwa tofauti, kama amitriptilini au gabapentini. Mwambieni daktari kwanza habari ya yale malengelenge, maana sasa ngozi imepona na hatayaona.

BintiBondeni

Kuna jambo sikuandika mwanzoni nikaona nisilifiche. Dawa hii ni dawa ya kifafa, na hivyo ndivyo ilivyoorodheshwa kwenye dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Niliipokea dirishani pamoja na watoto wa kifafa na mama zao. Muuguzi akauliza kwa sauti, "Mwalimu, kwani unaanguka?" Wiki hiyo hiyo mzazi mmoja alikwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kama watoto wako salama nami darasani. Nikawa navihamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini, mpaka siku moja nikasahau ni chupa gani na nikakosa dozi mbili, na maumivu yakanikumbusha.

Sasa pakiti iko mezani nyumbani, wazi. Darasa la sita waliniuliza nikawaeleza kwa mfano wa waya uliochubuka. Na nikawaambia pia kwamba hata ningekuwa na kifafa, ningekuwa mwalimu wao vile vile. Wale mama wa dirishani wanastahili nao kusemewa.

OmeraKondele

Nimerudi na habari. Daftari nimejaza: saa moja, mara tisa. Nne alikuwa anaongea, tatu anatafuna, moja leso imemgusa, moja sijui. Ndefu kuliko zote nilihesabu hadi 20. Usiku analala, yeye mwenyewe alisema hakuwahi kulifikiria. Alhamisi tuliomba isogezwe, yule wa meno alikasirika kidogo kisha akakubali.

Ijumaa nikampakia nyuma yangu, nimemfunga leso mbili na kofia juu, polepole hadi hospitali. Tulikaa tangu saa mbili hadi saa nane. Daktari alikuwa msichana mdogo, mamangu akaninong'oneza huyu ni mtoto. Nikampa daftari. Alisoma ukurasa wote, akaupindua kuangalia kama kuna mwingine. Akamgusa mama uso kwa pamba, taratibu, pande zote, akamwuliza kama anasikia sawasawa. Ilimpiga mara moja alipofika kidevuni. Yule daktari akarudisha mkono akamwambia, "Pole mama, nimeona, sirudii tena."

Ameandikiwa 100 asubuhi na 100 jioni, kupima damu, kurudi baada ya wiki mbili, na barua ya picha. Nimemwambia habari za vipele kama KemistiBungoma alivyosema, daktari akasema nani amekufundisha.

Leo ni siku ya tatu. Asubuhi imempiga mara mbili tu. Mchana alimwita mteja kutoka ng'ambo ya njia, kwa jina lote, hakukatika. Sasa ameomba chai ya maziwa. Nimeimimina, naisubiri ipoe kidogo kabla sijampa.